Je, Marekani ilikosea kuiacha bastola ya .45?

Baruti: Jeshi la Marekani lilipokea M1911, bastola ya .45 (risasi ya kipenyo cha inchi 0.45) ya mbunifu wa silaha John Browning, Machi 1911 na kukaa nayo hadi 1985, lilipochagua Beretta M9 ya milimita 9. Mwaka 2017 likachukua M17 ya SIG Sauer, milimita 9 vilevile. Nasimama hapa: 1985 walikosea. Walihamia .45 kwa sababu kule Ufilipino bastola za .38 zilishindwa kuwazuia wapiganaji wa Moro, na katika jaribio la 1911 M1911 ilipiga risasi 6,000 bila kukwama. Iliondolewa ili kulingana na risasi ya milimita 9 ya NATO tu.

Fundi Chuma: Mkuu, hizo 6,000 zilipigwa na bastola mpya. Jeshi halikuagiza nyingine baada ya 1945, kwa hiyo kufikia miaka ya 1980 askari walikuwa na vyuma vilivyolegea. Halafu angalia ubebaji. M1911 iliyo tayari hukaa nyundo nyuma, kizuizi cha usalama kimefungwa. Makamanda wengi waliogopa hali hiyo wakaamuru chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, iwe tupu, maana yake mikono miwili ya kuijaza kabla ya risasi ya kwanza. M9 hubebwa risasi ikiwa ndani ya chemba na nyundo chini. Mvuto wa kwanza wa kifyatulio ni mrefu na mzito, lakini mkono mmoja unatosha. Na magazini, kisanduku cha risasi, ni risasi 15 dhidi ya 7.

Baruti: Hiyo M9 si ndiyo slaidi zake, chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi ikitoka, zilipasuka, kipande cha nyuma kikawarukia wapigaji usoni?

Fundi Chuma: Ndiyo, miaka ya 1987 na 1988. Dawa ikawa pini ya nyundo yenye kichwa kikubwa: slaidi ikivunjika, inanaswa hapo, hairudi nyuma. Lawama za Iraq nazo zilitoka kwenye magazini za mkandarasi mwingine, zilizopakwa fosfeti, utando wa kuzuia kutu, ya kukwaruza. Vumbi laini linashika ndani, springi inashindwa kupandisha risasi, slaidi inapita juu bila kuibeba.

Kombania: Kasoro halisi ya M9 hamjaigusa. Kizuizi kiko kwenye slaidi. Ukiivuta kwa nguvu kuondoa risasi iliyokwama, kiganja kinakishusha, unavuta kifyatulio na hakuna kitu. M17 imekihamishia kwenye fremu, yaani kiwiliwili cha bastola, chini ya kidole gumba, pande zote mbili. Ila nayo ilifyatuka kwenye majaribio ya kuangushwa, sehemu za kifyatulio zikabidi zipunguzwe uzito.

Baruti: Mbona kikosi cha Marine cha Marekani kilinunua tena .45 mwaka 2012, ile M45A1 ya Colt?

Kombania: Kwa vikosi vichache maalumu, ndugu, na leo M18, ndogo ya M17, imeshika nafasi yake. Ugomvi wa .45 ulikuwa wa risasi za ncha ya mviringo, zisizopanuka mwilini; hapo kipenyo ndicho kilichobaki kuleta tofauti. Pamoja na M17 jeshi limepata pia risasi yenye tundu kichwani, inayochanua ikigonga. FBI nayo ilipitia .40 ikarudi milimita 9.

Baruti: Kwa risasi hiyo nakubali. Kwa ile ya ncha ya mviringo waliyowapa askari 1985, bado nabaki na .45.