Naomba ushauri: tasnifu yangu ya Maru, nimwache Bessie Head nje?

Mtunga_Tanga: Habari za jioni wakuu. Naandika tasnifu ya uzamili juu ya Maru (1971) ya Bessie Head. Msimamizi kaniandikia pembeni kwamba maisha ya mwandishi si ushahidi. Nimekwama. Bessie alizaliwa 1937 Pietermaritzburg, Afrika Kusini, katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Mama Mzungu, baba Mwafrika. Margaret wa riwayani kaokotwa kichanga, mama yake kafa, kalelewa na mke wa mmishenari wa Kizungu. Nami ni chotara, nimekua naulizwa "kwani wewe hasa kabila gani?" Nikisoma moyo unanidunda. Nimwache mwandishi nje kweli?

BiZuhura: Mdogo wangu, msimamizi hajakosea. Ukiandika kwamba Margaret ndiye Bessie, tasnifu imeisha kwa sentensi moja. Tafuta pale alipoyapinda maisha yake. Sheria za makaburu zilimweka Bessie fungu la machotara. Margaret anapofika kijiji cha Dilepe kufundisha, watu wanamdhania chotara. Angenyamaza tu, angesalimika. Anasema waziwazi kwamba yeye ni Mmasarwa, yaani wa jamii ya Wasan (Basarwa) wanaodharauliwa pale. Yaani mwandishi kampa binti maficho kwa jina lilelile alilobandikwa yeye, na binti kayakataa! Hiyo peke yake ni sura nzima, na ushahidi wote umo kitabuni.

Msomaji_Eldoret: Naongezea. Mwaka 1964 Bessie aliondoka kwao kwa kibali cha kutoka bila kurudi, akaenda kufundisha Serowe, Botswana ya leo. Alikimbia ubaguzi wa Wazungu, akakuta Basarwa wakidharauliwa na Waafrika wenzao. Angalia hata jina. Katika Kitswana ba- ni kama wa- yetu ya watu, lakini hawa waliitwa Masarwa, kwa ma-, kama sisi tunavyosema "majitu". Msomaji wa Kiingereza hilo linampita. Wewe unalisikia moja kwa moja. Litumie.

Mtunga_Tanga: Ahsanteni sana, hilo la ma- sikuwa nimeliona kabisa. Leo usiku naivunja sura ya tatu. Na habari yangu mwenyewe, niitaje?

BiZuhura: Itaje, aya moja kwenye utangulizi. Siku ya kutetea watakuuliza tu kwa nini ulichagua kitabu hiki. Heri wakute umeshasema.