Mashemeji wanamfungia dada yangu ndani kwa kisingizio cha eda

Wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha. Dada yangu amefiwa na mumewe hapa Moshi, na tangu mazishi yaishe mashemeji zake wamemkataza kuvuka kizingiti kwa hoja kwamba yumo edani, ilhali wao ndio wanaofungua duka la marehemu kule Majengo kila asubuhi, wanauza, wanakusanya kodi za vyumba, na hakuna hata shilingi moja inayoandikwa popote.

Neno wanalomfungia nalo hawalijui. Eda limetoka katika Kiarabu, idda, na mzizi wake ni kuhesabu: ni muda anaouhesabu mwanamke kabla ya kuolewa tena, ambao kwa mfiwa Kurani (2:234) imeuweka kuwa miezi 4 na siku 10, na akiwa mjamzito hukoma anapojifungua. Hekima yake inajulikana, kwamba mimba ibainike, nasaba isichanganyike, na ndoa iliyokatika kwa kifo ipewe heshima yake. Wanachokitaka mashemeji hawa ni kutawa, ule utaratibu wa zamani wa pwani wa mwanamke kukaa ndani asionekane na watu, nalo ni neno jingine lenye historia yake. (Na anayejifungia msikitini kwa ibada yumo katika itikafu, kabla hawajatuletea na hilo.)

Ni kweli kwamba mwenye eda hulala nyumbani kwake, hajipambi, hajitii manukato, wala haposwi waziwazi. Lakini madhehebu yote manne ya Sunni yanamruhusu mfiwa kutoka mchana kwa haja yake, na sioni haja iliyo kubwa kuliko kwenda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi kabla mali haijayeyuka. Marehemu ameacha watoto, hivyo fungu la mjane ni thumni, yaani sehemu moja ya nane ya mirathi. Sasa thumni ya duka lililobaki rafu tupu ni kiasi gani?

Kinachoniudhi kuliko yote ni wazee wa ukoo, watu wa swala tano, walioketi kikaoni wakayasikia haya na kunyamaza, kisha mmoja akaniambia nisimvunjishe dada yangu eda. Wiki ijayo nitampeleka mahakamani asubuhi na kumrudisha kabla ya magharibi, na shemeji atakayesimama mlangoni kumzuia aje na aya pamoja na daftari la mauzo.