Naomba ushauri: picha za fasheni zisimulie hadithi, zisiwe katalogi

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni stailisti hapa Dar, tuna shuti ya jarida kule Bagamoyo Mji Mkongwe, hadithi ni bi harusi anatoroka asubuhi ya harusi yake, anaanzia kwenye mlango wa kuchonga anaishia ufukweni kwenye ngalawa. Nguo sita za mbunifu mmoja na zote lazima zionekane.

Sasa kwenye picha za majaribio kila nguo imependeza kivyake ila ukizipanga hakuna kinachotokea, dada kasimama, kabadilisha gauni, kasimama tena, na mtu anayetoroka anabadilishaje nguo mara sita jamani? Nikamshikisha sanduku la bati ikawa kama tangazo la sanduku. Nikashusha rangi taratibu toka dhahabu na nyekundu hadi nyeupe tupu, hiyo angalau ilileta kitu. Ila picha iliyonigusa hata haikupangwa, hina mbichi ya mkononi imechafua pindo la gauni (mbunifu alinuna kweli).

Wenye uzoefu nisaidieni, mnabakiza kitu gani kimoja toka picha ya kwanza hadi ya mwisho, hina, mtandio, au nywele zinazofumuka, bila kuifunika kazi ya mbunifu?

Halafu Bagamoyo jua linachomokea baharini, kwa hiyo picha ya mwisho ndo inataka mwanga wa alfajiri, mkianza na mwisho modo mnamwingizaje kwenye hali ya mtu aliyeshakimbia na kuchoka? Natanguliza shukrani.