Naolewa Uswisi, kijijini milimani. Nijiandae vipi mimi na mwanangu?

BintiMarangu:
Habari za jioni wapendwa. Naombeni ushauri, hasa kwa mliowahi kuishi vijijini Ulaya, si mijini.

Mimi ni muuguzi, mwajiriwa wa serikali hapa Kilimanjaro. Mchumba wangu ni Mswisi, na nyumbani wameshampokea. Kwao ni Goms, bonde la juu kabisa la mto Rhone, jimbo la Valais, upande wa wanaoongea Kijerumani. Kijijini kuna kanisa, mazizi, nyumba za mbao zilizopigwa na jua hadi zikawa nyeusi, na duka moja. Tutakaa nyumba moja na mama yake, yeye chini sisi juu. Nina binti wa miaka 11, baba yake yupo ila hatukuoana. Mchumba anasema nitangulie Novemba baada ya ndoa, mtoto afuate tukishatulia.

Baridi naizoea, ng'ombe nimekua nao. Ninachoogopa ni kugeuka mtu wa kukaa dirishani kumsubiri mume arudi kazini. Kijerumani changu ni cha salamu tu. Nianzie wapi?

Kibosho_Juu:
Dada yangu, ajira ya serikali uiache kwa ajili ya kijiji cha theluji? Mimi nisingethubutu. Kama ni lazima uende, omba kwanza likizo bila malipo, usiandike barua ya kuacha kazi. Mapenzi yakigoma uwe na pa kurudi.

DadaWaVisp:
Hongera mdogo wangu. Nimeolewa huku muda mrefu, niko chini ya bonde lenu, acha nikuambie ninayoyajua.

Mtoto kwanza. Hilo la "tukishatulia" likatae. Kisheria mtoto chini ya miaka 12 anaweza kuombewa kuungana na mzazi ndani ya miaka 5, lakini akishavuka 12 unabaki na miezi 12 tu. Binti yako yuko mpakani kabisa. Ombi lake liende pamoja na lako. Na shuleni atawahi kukamata lugha kuliko wewe, ila kila mwaka unaomchelewesha unamwongezea kazi.

Pili, usije Novemba. Mwezi huo wageni wa kiangazi wameondoka, wa kuteleza kwenye theluji hawajaja, kila mtu yuko ndani. Muulize mwenzako Desemba jua linafika nyumbani kwao saa ngapi. Kuna vijiji mlima unalizuia wiki nzima nzima, na sisi wenye ngozi nyeusi daktari atatuandikia vitamini D. Njoo Mei. Juni ng'ombe wanapandishwa malisho ya juu, Julai watu wanakata majani ya kukausha kwenye miteremko ambayo mashine haipandi. Wewe chukua reki uingie shambani na mama mkwe. Hawatakusifu, Wavalais si watu wa maneno, lakini jioni utasikia mtu anakugongea mlango na kipande cha jibini. Mimi nilipokelewa shambani, si sebuleni.

Ukifika una siku 14 za kujiandikisha ofisi ya kijiji na miezi 3 ya kukata bima ya afya. Bima ni ya kila mtu peke yake, hata mtoto, na unalipa kila mwezi. Pigeni mahesabu hayo kabla ya ndoa.

Nesi_Zurich:
Muuguzi mwenzangu, cheti chako kinatambuliwa kupitia Msalaba Mwekundu wa Uswisi, na lugha wanataka kiwango cha B2, yaani cha kujieleza bila kukwama, ngazi moja juu ya B1. Kwa hiyo Kijerumani anza leo, hata kama ni kwenda Goethe-Institut, kituo cha Kijerumani pale Dar, wakati wa likizo. Ukiwa B1 unaweza kuanza kama msaidizi kwenye nyumba za wazee. Mabonde yale yana wazee wengi na wahudumu hawatoshi, kazi utapata. Fungua akaunti ya benki ya jina lako mshahara wa kwanza. Na ujue hili bila kumtilia mwenzako shaka: ndoa ikivunjika, haki ya kubaki kwa kawaida inahitaji mmeishi pamoja huko angalau miaka 3 na uwe umejichanganya na jamii. Kukiwa na ukatili wa nyumbani sheria ina njia nyingine.

MzeeWaMfongo:
Binti yangu, mimi nilifika Valais kikazi. Kule wana mifereji ya kushusha maji kutoka milimani hadi mashambani, mingine ina zaidi ya miaka 500, inachongwa ubavuni mwa mwamba. Maji yanagawanywa kwa zamu na watu wanatoka pamoja kusafisha mfereji, sawasawa na mfongo wetu Wachagga na msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Mwaka 2023 UNESCO iliuandikisha umwagiliaji huo wa jadi kwa Uswisi na nchi nyingine 6 za Ulaya. Mweleze baba yeyote wa kule jinsi babu zako walivyogawa maji, utaona anavuta kiti.

Ila uraia usiukimbilie. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Fikiria kwanza kihamba, shamba lenu la ukoo.

BintiMarangu:
Shikamoo mzee, asanteni wote, nimesoma mara mbili mbili. Mama yangu ameniuliza kuhusu kile kijiji kilichofukiwa na barafu. Nimjibu nini?

DadaWaVisp:
Ni Blatten, bonde la Lötschental, tarehe 28 Mei 2025. Mwambie mama ukweli wote: kijiji karibu chote kilifukiwa, mtu mmoja alifariki. Lakini wakazi kama 300 walikuwa wameshahamishwa siku 9 kabla, kwa sababu mlima ulikuwa unaangaliwa. Ukiambiwa ondoka, unaondoka usiku huohuo. Na kwenu Goms theluji nyingi ikishuka barabara na reli hufungwa, kwa hiyo weka unga, dawa na kuni za kutosha.

BintiMarangu:
Nimeongea na mchumba, Mei amekubali, na mtoto anakuja nami. Baba yake yuko tayari kuandika kibali. Barua ya kawaida inatosha?

Nesi_Zurich:
Ipitishe kwa mwanasheria iwe na muhuri, itaje wazi kwamba anakubali mtoto ahamie Uswisi akae nawe. Kabla hujalipia tafsiri ya Kijerumani, uliza ubalozi wa Uswisi wanataka itafsiriwe na nani.