Kivuli cha ndevu: leza, IPL ya nyumbani, elektrolisisi au nibaki na wembe wangu?

wembe_kila_siku
Wakuu habari zenu. Nina tatizo ambalo wenye ndevu nzito watanielewa. Nanyoa saa kumi na mbili asubuhi, uso laini, ikifika saa saba mchana kidevu kishakuwa cheusi kama nimepakwa masizi. Na hata dakika ile ile nimemaliza kunyoa kivuli bado kipo, maana nywele zenyewe ziko chini ya ngozi zinaonekana. Nikikazana na wembe nipate karibu zaidi ndio balaa, shingo inajaa vipele, nywele zinajikunja zinarudi ndani, zikitoka zinaniachia madoa.

Sitaki uso wa mtoto mchanga, nataka weusi upungue na wembe nishike mara moja moja. Nimesoma mpaka kichwa kinauma, zimebaki hizi: leza ya kliniki, kile kimashine cha mwanga cha IPL cha nyumbani, elektrolisisi (ile ya sindano na umeme), krimu ya kunyolea (ile inayoyeyusha nywele), au nibaki hivi hivi. Ngozi yangu nyeusi, ndevu nyeusi, ila kidevuni mvi zimeanza kuchungulia. Aliyepitia aniambie ukweli, matangazo nimeshayaona ya kutosha.

nusu_kidevu
Mkuu mimi nimemaliza awamu ya nane ya leza, kila baada ya wiki tano hivi. Nikupe picha halisi. Unaenda umenyoa jana yake, unavaa miwani mieusi ya chuma, wanakupaka jeli au wanakupulizia baridi, halafu paa, paa, paa. Kila pigo ni kama mtu anakuchapa na mpira wa kufungia pesa, na juu ya mdomo machozi yanatoka yenyewe hata kama hulii. Harufu ya unyoya unaobabuka unaisikia mpaka unafika nyumbani.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokata tamaa: siku kama ya tano unaona ndevu zinaota kama kawaida, unajisemea nimeliwa hela. Kumbe hazioti, zinasukumwa nje zimeshakufa. Wiki ya pili nilikuwa najifuta uso na taulo nyeupe, nikaikuta imejaa vidoti vyeusi, kila kimoja na kichwa chake kidogo, na mashavuni pakabaki mabakamabaka kama shamba lililolimwa kwa zamu. Nilicheka peke yangu bafuni.

Baada ya awamu ya kwanza vipele vya shingo vilipungua kabla hata ya kivuli. Kivuli nilianza kukiona kinapauka kuanzia ya nne. Leo bado nanyoa, mara mbili kwa wiki, na nikimaliza ngozi ni rangi moja.

Kisirani_2
Mwanaume mzima unaenda kuchomwa ndevu ulizopewa na Mungu 😂 wenzako wanatafuta mafuta ya kuziotesha

nusu_kidevu
@Kisirani_2 nikuazimie shingo yangu ya zamani wiki moja tu, utarudi hapa na maneno mengine.

fundi_mwanga
Nafanya kazi hii mwaka wa sita sasa, ngoja niseme kitu kimoja ambacho kikikosewa mengine yote hayana maana. Usiulize "mna leza?", uliza "mna leza gani?". Mwanga wa leza unatafuta rangi nyeusi, ile melanini iliyo kwenye nywele, unaipasha moto mpaka mzizi unaungua. Tatizo ngozi yetu nayo ina melanini ile ile, mashine haijui ipi ni nywele ipi ni ngozi. Aina za leza zinatofautiana kwa urefu wa wimbi la mwanga: aleksandraiti ni nanomita 755, dayodi ni kama 810, Nd:YAG ni 1064. Kadiri namba inavyopanda mwanga unazama chini zaidi na ngozi ya juu inaunyonya kidogo. Kwa mtu mweusi Nd:YAG ndiyo ya kuanzia. Inauma zaidi na inaenda polepole, nakubali, ila hatari ya kuondoka na alama ni ndogo.

Na kwa nini awamu nyingi: nywele haziko msimu mmoja. Zipo zinazokua, zipo zinazopumzika, na leza inaiua ile inayokua wakati huo tu. Ndio maana unarudi, na ndio maana anayekuahidi mara tatu kidevu kiishe anakudanganya.

Mvi sahau. Leza haina cha kushika pale. Kama ndio zimeanza, usichelewe kwa hizi nyeusi zilizobaki.

Zuhura_wa_kioo
Jamani kuna mwanamke humu? Nipo mimi, nina homoni zangu zinazonioteshea ndevu, kwa hiyo naongea kama mwenye nyumba sio mpangaji. Makosa yangu nimeyafanya mawili. La kwanza, nilikuwa naenda leza huku katikati ya awamu najing'oa na kibanio, yaani nikiona kanywele tu nakavuta. Ukishang'oa mzizi leza inampiga nani? Nimepoteza awamu mbili hivyo. Waksi na uzi ni hivyo hivyo, wembe tu ndio unaruhusiwa.

La pili, nilienda kwenye leza kabla ya kupima homoni. Kidevu kilisafika vizuri lakini pembeni ya taya, pale palipokuwa na vinyoya laini tu, vikageuka vikawa vigumu vyeusi! Daktari wa ngozi akaniambia hilo linajulikana, joto dogo linaweza kuamsha nywele badala ya kuziua, na usoni kwa wanawake wenye shida ya homoni ndiko linakotokea sana. Kwa hiyo dada zangu damu kwanza, mwanga baadaye.

Kuhusu IPL ya nyumbani, ninayo, ipo kwenye droo. Ina kijicho cha kupima rangi ya ngozi, nikiiweka shavuni inakataa kuwaka. Mwanzoni nilidhani mbovu 😅

fundi_mwanga
@Zuhura_wa_kioo haikuwa mbovu dada, ilikuwa inakuokoa. IPL siyo leza, ni mwanga wa rangi nyingi kwa pamoja, na kwa weusi wetu zile rangi za namba za chini zinaishia juu ya ngozi. Na wapo watu wanatafuta mbinu ya kuidanganya iwake. Msifanye.

alama_tano
Mimi ndio mfano mbaya wa huu uzi. Sehemu yenyewe siitaji. Niliingia, yule binti hakuniuliza kama natumia dawa yoyote, hakunijaribia hata kipande kidogo nyuma ya taya asubiri aone, akaniwasha moja kwa moja na aleksandraiti. Nilimwambia dada inaunguza, akasema vumilia kaka. Kesho yake shavu la kushoto nina viduara vitano vyeusi vimepangana kama vifungo vya shati. Vilikaa miezi saba. Saba! Na wakati ule nilikuwa kwenye doksisaiklini kwa ajili ya chunusi, dawa inayoifanya ngozi iogope mwanga, hakuna aliyeniambia nisimame kwanza.

Ukienda wakakataa kukujaribia kidogo, vaa kofia yako uondoke. Na kama huwa unatokwa na vidonda vya homa mdomoni sema mapema, leza inaviamsha, wanakupa kidonge kabla.

Safari_ndefu
Naona elektrolisisi imesahaulika kwa hiyo niitetee. Mimi nabadilisha jinsia, lengo langu lilikuwa ndevu ziishe kabisa, siyo kupungua, na hapo jibu linabadilika. Kwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, leza inaruhusiwa kujiita "kupunguza kwa kudumu", elektrolisisi ndiyo inaitwa kuondoa kwa kudumu, na ni mbinu ya zamani, daktari wa macho Charles Michel aliielezea 1875 akiitumia kwa kope zinazoota kuelekea jichoni. Sindano nyembamba inaingia kwenye kitundu cha nywele, umeme unapita, nywele inatoka bila kuvutwa. Haijali rangi ya ngozi wala mvi.

Ubaya wake ni moja moja. Jamani moja moja. Nilikuwa nalala kwenye kile kitanda masaa mawili, naamka nimemaliza eneo kama la stempu mbili. Halafu nywele lazima uziache ziote siku kadhaa ili zishikike, kwa hiyo mtu anayekimbia kivuli anatembea na kivuli. Nilichofanya: leza kwanza ikafyeka msitu, sindano ikamalizia vichaka na zile nyeupe. Kuanza na sindano kidevu kizima ungekuwa pale mpaka leo.

Katikati ya hizo zote kilichonisitiri ni vipodozi, rangi ya chungwa iliyokolea kidogo inapakwa chini ya faundesheni, inaua ule ubluu. Ukipaka faundesheni peke yake unabaki wa kijivu.

nusu_kidevu
Krimu ya kunyolea hajaigusa mtu. Inayeyusha nywele kwenye uso wa ngozi tu, kivuli kiko palepale, ila kwa vipele inasaidia kuliko wembe. Ukiizidisha dakika inakubabua, mimi shahidi.

wembe_kila_siku
Aisee nawashukuru sana. Kimashine nilikuwa nimeshakiweka kwenye kapu la kununua, nimekitoa. Nimepiga simu sehemu mbili, ya kwanza nimeuliza leza gani wakaniambia "ya kisasa", nikakata. Ya pili wamesema Nd:YAG na wamenipangia kujaribiwa sehemu ndogo alhamisi, nyeusi zipigwe, mvi za kidevuni nitaziona na sindano huko mbele. Swali la mwisho, ganzi ya kupaka vipi? Na jua?

fundi_mwanga
Ganzi kidogo juu ya mdomo sawa, kwa maelekezo yao, usijipake uso mzima nyumbani ukafunika na nailoni, ile dawa inaingia kwenye damu. Jua likwepe wiki kadhaa kabla na baada, krimu ya kukinga jua kila siku hata kukiwa na mawingu. Unanyoa jumatano jioni.

wembe_kila_siku
Na kibanio?

Zuhura_wa_kioo
Mpe mtu akufichie.