Kompyuta ya gemu ya nyumbani, Tanga: naomba orodha hii ikaguliwe kabla sijalipa

Kijana wa Chumbageni

Shikamooni wakubwa, na wenzangu nawasalimu. Nimeweka akiba kwa mwaka mmoja na nusu, na sasa nina shilingi 2,800,000 ambazo nakusudia kununulia kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu hapa nyumbani. Ninacheza zaidi kandanda na mbio za magari, na mchana mdogo wangu aliye kidato cha tatu ataitumia kwa masomo. Monita ninayo tayari, ya inchi 24, mwonekano wa 1920 kwa 1080, Hz 60.

Duka moja la Dar es Salaam limenipa orodha ambayo itamaliza akiba yote: prosesa ya Intel Core i7-4790, kadi ya michoro ya RTX 4060, memori ya gigabaiti 16 katika kijiti kimoja, diski ya kuzunguka ya terabaiti 1, na pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme ndani ya kompyuta) iliyoandikwa wati 600 ambayo jina la mtengenezaji wake sijawahi kulisikia. Muuzaji anasisitiza kwamba i7 ni kubwa kuliko i5, hivyo sitahitaji kubadilisha kitu kwa miaka mingi. Nina wasiwasi, kwa sababu fedha hii sitaipata tena kwa urahisi. Je, orodha ni sawa, na kama si sawa nianze kurekebisha wapi?

Fundi wa Ngamiani

Marahaba, mdogo wangu. Umefanya vema kuuliza mapema. Kadi ya michoro waliyokuandikia ni nzuri kwa monita uliyo nayo, basi iache ilivyo, lakini vilivyobaki karibu vyote ningevibadilisha.

Neno i7 au i5 peke yake halikuambii kitu mpaka usome tarakimu zinazofuata. Katika 4790, tarakimu ya kwanza inataja kizazi cha nne, yaani prosesa ya mwaka 2014 yenye viini 4, inayotumia memori ya DDR3, aina ya zamani ambayo hutaweza kuihamishia kwenye ubao mama wowote wa leo. Badala yake ningekushauri Core i5-12400, ambayo kizazi chake ni hiyo 12. Ilitoka mwaka 2022, ina viini 6 na nyuzi 12 (yaani inashughulikia kazi 12 kwa wakati mmoja), na katika gemu inaiacha mbali i7 hiyo ya zamani. Zaidi ya hapo, Microsoft haiitambui 4790 rasmi kwa ajili ya Windows 11, na Windows 10 imeachwa kuhudumiwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, jambo ambalo ni zito kwa mashine ambayo mwanafunzi ataingia nayo mtandaoni kila siku. Hata kadi yenyewe itaumia, kwa kuwa RTX 4060 huwasiliana na ubao kwa njia 8 badala ya 16, na ubao wa enzi hiyo una PCIe 3.0 (PCIe ndizo njia za kupitishia data kati ya kadi na ubao), ambayo kila njia yake hupitisha takriban nusu ya kile kinachopita kwenye PCIe 4.0.

Chukua 12400 isiyo na herufi F mwishoni. Yenye F haina michoro ya ndani, kwa hiyo siku kadi ikiharibika na kupelekwa Dar es Salaam kwa ajili ya garantii, skrini itabaki nyeusi na masomo ya mdogo wako yatasimama. Memori iwe ya vijiti viwili vya gigabaiti 8, ili prosesa isome vyote kwa pamoja, na diski iwe SSD ya M.2, yaani diski ya kasi isiyozunguka, inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao. Ikibidi, punguza ukubwa wake hadi gigabaiti 500.

Sasa nakuomba uniazime sikio kuhusu pawasaplai, kwa sababu hapo ndipo nimeona watu wa Tanga wakipoteza fedha nyingi. Mteja wangu mmoja wa Makorora alinunua mashine nzuri iliyofungwa pawasaplai isiyojulikana kama hiyo yako. Jioni moja umeme ulikatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika chache, na iliporudi mara ya mwisho pawasaplai ilikufa pamoja na ubao mama na diski. Nilipoifungua nilikuta vipande vya kuzuia mshtuko wa umeme havikuwekwa kabisa, ingawa nafasi zake zilikuwa zimechapwa wazi kwenye bodi. Wati 600 zilizoandikwa ubavuni hazikuwa na maana yoyote. NVIDIA yenyewe inapendekeza wati 550 kwa kadi hiyo, basi tafuta wati 550 za kweli kutoka kwa mtengenezaji kama Corsair, Seasonic au Cooler Master. Alama ya 80 Plus ni nzuri kuwa nayo, lakini inapima jinsi umeme unavyotumika bila kupotea, haithibitishi kwamba kifaa kina ulinzi, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Na kama utashawishiwa kununua pawasaplai iliyotumika kutoka Marekani, tazama nyuma kama ina swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa katika umeme wetu, italipuka papo hapo.

Mwanafunzi wa Pongwe

Naheshimu maneno ya fundi, ila kwenye prosesa nina mawazo tofauti. Soketi ya 12400, yaani nafasi ya kukalia prosesa kwenye ubao, inayoitwa LGA1700, imefika mwisho wake, kwani Intel imekwisha kuhamia soketi nyingine. Kwa mtu anayetaka kukaa na mashine miaka mingi, AMD Ryzen 5 7600 ingekuwa chaguo bora zaidi. Inakaa kwenye soketi ya AM5 iliyoanza mwaka 2022, ina michoro ya ndani, na baadaye kaka yetu ataweza kubadilisha prosesa tu bila kugusa ubao.

Fundi wa Ngamiani

Hoja yako ni ya kweli, na angekuwa na fedha zaidi ningekuunga mkono. Lakini AM5 inakubali memori ya aina mpya ya DDR5 pekee, na ubao wake pamoja na memori hiyo vitamla fedha ambayo ningependa iende kwenye pawasaplai na UPS (betri ya akiba umeme unapokatika). Katika miaka yangu ya kazi, wateja waliorudi kubadilisha prosesa peke yake kwenye ubao uleule ni wachache mno.

Mama wa Sahare

Mwanangu, mimi nina chumba cha kuchapia kazi za watu karibu na bahari, na kwa miaka tisa nimepigana na jambo ambalo hawa vijana hawajaligusa, nalo ni chumvi. Upepo wa bahari unaingia dirishani ukiwa na unyevu wenye chumvi, na baada ya muda skrubu zinashika kutu, meno ya memori yanafifia, na kompyuta inakataa kuwaka huku ikipiga mlio. Mara nyingi dawa yake ni kuchomoa kijiti cha memori mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa kwenye soketi ya ukutani, kisha kuyasugua meno hayo taratibu kwa ufutio wa penseli. Ni afadhali, hata hivyo, kuiweka mashine mbali na dirisha linaloelekea baharini, juu ya meza, si sakafuni.

Kasha pia lichague kwa makini. Yapo makasha yenye kioo mbele, yanapendeza dukani, lakini hewa haipiti, na miezi ya Desemba hadi Machi joto letu halina huruma. Tafuta lenye wavu mbele, feni mbili zinazoingiza hewa na moja nyuma inayoitoa. Tena usiifunike kwa kitambaa cha kudarizi ikiwa bado ina moto, kama tulivyozoea kufunika redio na televisheni. Subiri ipoe kwanza.

Kijana wa Chumbageni

Nawashukuru sana, na shikamoo mama. Nimemrudishia muuzaji orodha mpya: 12400, ubao wa DDR4 wenye nafasi ya M.2, memori 8 mara mbili, SSD ya gigabaiti 500, RTX 4060 ileile, pawasaplai ya Corsair wati 550 na kasha lenye wavu. Kimebaki kidogo cha UPS. Nina maswali mawili: UPS iwe ya ukubwa gani, na je, mashine hii itakula uniti nyingi za LUKU? Mama yangu ndiye anayenunua umeme, na nisingependa kumwongezea mzigo.

Fundi wa Ngamiani

Kwenye UPS soma wati, usisome VA (kipimo kingine kinachoandikwa kwenye UPS, ambacho huonekana kikubwa kuliko wati), kwa sababu UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba chini ya wati 400. Kadi yako hutumia hadi wati 115 na prosesa hadi 117 ikibanwa kabisa, hivyo ukijumlisha vilivyobaki na monita, kadiria wati 300. UPS ya VA 1000 yenye stebilaiza ndani itakutosha, nayo ni ya kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, haikusudiwi kuendeleza mchezo.

Kwa LUKU, wati 300 kwa saa tatu ni karibu uniti moja, yaani kama uniti 27 kwa mwezi ukicheza kila siku. Kama nyumba yenu ipo katika kundi la D1, la wateja wa matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, zungumza na mama kabla mashine haijafika, kwa sababu mkivuka hapo bei ya uniti inabadilika. Unaweza kupunguza matumizi hayo kwa kuingia kwenye mipangilio ya gemu na kuzuia picha zisizidi 60 kwa sekunde. Monita yako haiwezi kuonyesha zaidi ya hizo, na kadi itapumzika.

Jambo la mwisho, mwambie muuzaji asisafirishe mashine kwenye basi kadi ikiwa imechomekwa. Kadi ni nzito, na matuta ya kutoka Segera hadi Muheza yanatosha kuvunja tundu lake kwenye ubao. Aifungashe kwenye boksi lake, na ukifika nayo nyumbani nipigie, nitakuja kuichomeka mwenyewe.