Tupeane uzoefu: nani ametoka kebo akahamia dishi?

Wadau, habari za jioni. Niko Migosi, Kisumu. Miaka minne natumia kebo, TV na intaneti kwa waya mmoja. Mwezi huu wachimba barabara wameukata mara mbili, na mara ya pili tumekaa siku tano kavu. Watoto hawana katuni, mimi sina intaneti ya kazi. Nikipiga simu, "mafundi wako njiani." Mke wangu anasema tuweke dishi yaishe. Waliotangulia mnasemaje? Atakayejibu "inategemea" tu, nitalia.

Jirani wa Msitu, Kakamega
Nilitoka Kisumu kuja Lurambi na kichochoro chetu hakina kebo, kwa hiyo dishi lilinichagua. Mvua ya alasiri ya huku unaijua. Wingu likiiva, picha inavunjika vipande, kisha skrini inakuambia hakuna mawimbi. Robo saa, nusu saa, inarudi yenyewe. Mawimbi yametembea kilomita kama 36,000 kutoka setilaiti, halafu yananyonywa na mvua hapa mlangoni! Dishi kubwa kidogo lililolengwa vizuri limenipunguzia, halijaniponya.

Fundi Dishi, Nakuru
Msiangalie picha za Ulaya, dishi limetazama pembeni. Setilaiti hizi zimepangwa juu ya ikweta, na sisi tumekaa papo hapo, kwa hiyo ving'amuzi vingi vya huku dishi lake hutazama juu kabisa. Gorofa ya jirani haikusumbui. Kinachokuua ni balkoni iliyo juu yako. Kila mwezi naitwa mtaa wa Section 58 na mtu wa ghorofa ya chini ambaye tayari amenunua dishi, amelipangusa, amelisimamisha kando ya kamba ya nguo. Namwambia hapa halioni mbingu. Lipande paani, waya ushuke orofa nne, na mwenye nyumba akubali kutobolewa ukuta. Hapo ndipo ugomvi huanza. Na likitazama juu hivyo ni bakuli: majani, vumbi, mavi ya ndege. Lipanguse kabla ya masika. Ndugu wa Migosi, nyumba yako ni ya kupanga?

Mama Pacha, Kondele
Mimi nilihama, nikarudi nusu. Hakuna aliyenikumbusha kwamba nikikata kebo nakata na intaneti. Mwezi wa kwanza bando za simu zilikula pesa yote niliyodhani nimeokoa. Tena chumba cha pili kilitaka dekoda yake, la sivyo wote tunatazama anachotazama baba. Sasa dishi la TV, waya wa intaneti tu. Waya ukikatwa, angalau watoto wananyamaza.

Mzee wa Bungoma
Kama ni habari za Citizen na KBC, antena na kisanduku cha dijitali vinatosha. Tangu mitambo ya analogi izimwe 2015 sijalipa mtu hata shilingi.

Mwenye uzi
Mzee, nyumbani kuna Arsenal, siwezi. Fundi, ni ya kupanga, ghorofa ya kwanza, na nimetoka balkoni sasa hivi kuangalia juu: naona sakafu ya jirani na viatu vyake. Mama Pacha, nafuata njia yako. Nimemwuliza keateka ufunguo wa paa. Anao mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko Siaya matangani hadi Jumapili.